Mikono Mirefu ya Landrova ya Beda

Tindiga,
2 Juni 2025

Kwako Ditram,

Marahaba. Umeandika shikamoo mwanzoni na shikamoo mwishoni, kwa hiyo nikajua katikati kuna jambo. Mtoto asiye na jambo husalimia mara moja.

Barua yako kaniletea Donati alipokuja kupakia mpunga kwenye Fuso lake. Nimeisoma mwenyewe, usije ukadhani nasomewa. Nilimaliza ngumbaru mama yako akiwa mgongoni, na mwalimu alisema mwandiko wangu unawashinda wanaume. Simu uliyoninunulia ipo kabatini, nzima kabisa. Kwenye simu mtu anasema haloo, haloo, salio linakwisha hajasema alichopigia. Kwenye barua huna pa kukimbilia.

Sasa unaniuliza gari la babu yako Beda lifungwe mikono mirefu au mikono mifupi. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yamechoka. Gari lina mikono? Miaka yote Beda alivyokuwa ananipakia, niliona magurudumu, niliona milango, mmoja haufungi mpaka uupige kiwiko. Mikono sikuiona.

Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, unasema umeshaliinua. Kwa ruhusa ya nani? Beda alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Kwetu mali ya mjomba inashuka kwa watoto wa dada yake, ndiyo maana gari lilimfuata mama yako na sasa linakufuata wewe. Lakini mkubwa wa tumbo hilo aliyebaki ni mimi. Umeinua kwanza, ukaja kuomba ruhusa ya kukata baadaye. Wewe ni mtu aliyekula nyama akaja kuuliza kama mbuzi achinjwe.

Nieleze hiyo mikono ni kitu gani na kinakatwa nini. Usiniletee maneno ya gereji.

Habari ya harusi nimeiona. Agosti 30, hapo Mikumi, na binti anaitwa Tumwagile, mtu wa Tukuyu. Jina refu hilo, sijui kama litaenea kwenye kadi. Mwambie mke mkubwa amesikia. Kuhusu kuja, tutaona.

Bibi yako na mkeo wa kwanza,
Sesilia


Mikumi,
9 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kuliinua bila kukuuliza. Niliona ni jambo dogo. Barabara za huku zina mashimo, na udongo mweusi wa huko kwenu mvua ikinyesha hauna adabu. Nikaweka springi ndefu na matairi makubwa, nikadhani nimemaliza.

Nieleze hivi. Chini ya gari kuna chuma kinacholala kutoka gurudumu hadi gurudumu, hicho ni ekseli. Mikono ni vyuma viwili vinavyoishika ekseli isikimbie mbele wala nyuma. Upande mmoja umeshika ekseli, upande wa pili umeshika chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari. Gari la babu Beda lilikuwa halijainuliwa, kwa hiyo mikono yake mifupi ililala vizuri. Sasa nimeliinua, na mikono ile imesimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Gurudumu likigonga shimo, pigo linapanda ngazi moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

Fundi wangu Kasian anasema kuna njia mbili. Ya kwanza, tufunge mikono mifupi mingine, iliyopindwa kidogo. Hiyo inafungwa kwa bolti palepale pa zamani, hakikatwi kitu, na tumbo la gari linabaki juu. Itapunguza pigo lakini halitaisha. Ya pili, mikono mirefu. Hiyo inalala, gurudumu linashuka shimoni na kupanda, aliyekaa ndani hajui. Lakini inataka kushikwa nyuma zaidi, katikati ya tumbo. Lazima tukate masikio ya zamani kwenye chesisi, yaani vishikio vya mikono, na kuchomelea mapya. Tukishakata hatuwezi kurudisha. Na pale katikati panakuwa chini, panaweza kukwama.

Mimi moyo wangu uko kwenye mirefu. Wageni ninaowapeleka mbugani na milimani Udzungwa wanataka kukaa kwa raha. Ila sikati bila neno lako.

Bibi, kuja si jambo la kusema tutaona. Aliyenilea ni wewe. Nikisimama kanisani na kiti chako kitupu, watu wataniuliza nimekukosea nini.

Mjukuu wako,
Ditram


Tindiga,
17 Juni 2025

Kwako Ditram,

Marahaba. Umeeleza vizuri, nimeelewa. Kumbe ulipita shule.

Neno langu ni hili: mifupi. Beda aliendesha gari lile masika na kiangazi. Alipeleka wajawazito Kilosa, alibeba mbegu kutoka Kilangali, alibeba maiti, na hakuna aliyeshuka akasema kiti kimempiga. Mikono ilikuwa mifupi. Kama kiti kinapiga sasa, usiilaumu mikono. Gari limebadilishwa umbo na mwenyewe hajaambiwa. Hukuja kaburini, hukusema neno, hukumwaga hata maji. Ungekuwa wewe umelala na mtu anakuinulia kitanda, usingerusha teke?

Kasian asicheke. Namjua alivyo, mama yake alikuwa hivyohivyo, anacheka kabla hajasikia.

Na hilo la tumbo kuwa chini umelisema mwenyewe. Njia ya huku matrekta yameichimba pande mbili, katikati limebaki tuta lenye majani. Gari lenye tumbo chini litalalia tuta hilo kama kuku anayeatamia. Kwa hiyo usikate. Kilichokatwa hakiungi, hata ukichomelea vipi.

Harusini siji. Mwanamke gani anakwenda kucheza ngoma ya mke mwenzake? Mwambie huyo Tumwagile amekuchukua, basi achukue na kelele zako za kukoroma. Mimi nitabaki na kuku wangu. Msiniletee mtu wa kunibembeleza.

Mwandiko umekaa upande kwa sababu naandika nimesimama dirishani. Kukaakaa ni uvivu.

Sesilia


Mikumi,
29 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Nimetii. Kasian amefunga mikono mifupi mipya, bolti tu, hakukata kitu. Gari limepungua ukali kwenye lami na kwenye changarawe laini. Kwenye mashimo bado linapiga. Juzi mgeni mmoja wa makamo alishuka akashika kiuno, akanipa mkono wa kuaga kwa upande. Sikulalamika, nakueleza tu.

Bibi, tangu nikiwa mdogo umenitania, na mimi nimekutania. Uliniita mume, nikakuita kikongwe uliyenizeekea, tukacheka. Safari hii nimesoma barua yako nikashindwa kucheka. Hapo uliposema huji, unatania au unasema? Tumwagile naye ameisoma. Kwao nao wana utani, lakini alikunja karatasi taratibu akaniuliza, "Bibi yako hanitaki?" Nikamwambia hapana. Akauliza, "Basi kwa nini haji?"

Kama kuna kosa kwake au kwangu, liseme. Nijibu mstari mmoja tu.

Ditram


Tindiga,
10 Julai 2025

Ditram mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kutoka huku. Ulipokwenda Udzungwa na wageni kwa gari la kuazima, Kasian alikuwa anataka kuijaribu Landrova kwenye njia mbaya, nami nikamwambia basi njia mbaya iwe ya Tindiga. Nilikuwa nimechoka kungoja huo mstari mmoja. Kama ananikataa, anikatae nikiwa mbele yake.

Nakuandikia kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, na kijiji kizima kinakaa pale kusikiliza. Donati anaondoka mchana huu, nimemwapisha asifungue.

Nilifika mgongo unawaka. Kila shimo kiti kilinirusha, kichwa kikagonga bomba la juu. Kasian akasema mikono mifupi inajitahidi. Nikamwambia ijitahidi zaidi.

Bibi alinipokea akiwa amesimama mlangoni. Nikapiga goti, nikamwamkia, akasema, "Marahaba. Ndiyo wewe? Nilitegemea mrefu zaidi, kwa jina lile." Kisha akanipa ungo nipepete mchele. Nilipomaliza akaangalia chini kuhesabu punje nilizomwaga, akasema, "Kwenu mnalisha ndege." Nikamwambia kwetu ndizi haipepetwi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Hapo ndipo nilipoona. Alishika ukuta na hakuuachia. Ditram, bibi yako hakai. Anakula amesimama, anakaanga amesimama, kanisani anasimama nyuma kabisa na kuwaambia watu wazee wa zamani ndivyo walivyosali. Asubuhi nilimkuta anajaribu kuinuka mkekani, amekamata mguu wa kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka, hatoi sauti. Nikamshika. Akaniambia, "Ukimwambia mume wetu, sikujui."

Alianguka Aprili. Alikuwa dunguni, juu ya kichanja cha shambani, anaamia ndege wasile mpunga, ngazi ikateleza. Hospitali ya Kilosa alikwenda kwa bajaji, wakampiga picha, hakuna mfupa uliovunjika, ni nyonga tu na inataka muda. Lakini safari ile ya bajaji anasema ilimuumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote.

Hanikatai. Jana usiku ameniuliza gauni ni rangi gani, na kama kwaya ya hapo inajua kuimba au inapiga kelele tu. Anataka kuja kuliko sisi tunavyotaka aje. Anaogopa njia, na anaona bora tumwone mkorofi kuliko tumwone mgonjwa.

Mimi nimeahidi sitasema. Kuandika sijui kama ni kusema. Usimwambie.

Tumwagile


Mikumi,
15 Julai 2025

Shikamoo Bibi,

Natumaini mmeshinda vizuri na mgeni. Amerudi amenenepa, anasifia mboga zako.

Nakuandikia tena habari ya gari. Nimepata ombi kutoka kwa wageni fulani, watu wazima, wanakuja mwezi wa nane. Mmoja wao ana shida ya nyonga. Wameniuliza kama gari langu ni laini. Kwa mikono mifupi siwezi kusema ndiyo bila kudanganya. Kasian anasema mirefu ingemfaa mtu kama huyo, angekaa mbele na asisikie kitu.

Najua neno lako ulishatoa. Naomba ulifikirie upya kwa ajili ya mgeni huyo tu. Ni mtu wa heshima sana, na ningesikitika asipokuja.

Ditram


Tindiga,
21 Julai 2025

Kwako Ditram,

Marahaba.

Mgeni wa nyonga. Mtu wa heshima sana. Wewe mtoto, uongo hujawahi kuuweza, hata ulipokuwa unalamba sukari ulikuwa unakuja na midomo yako kunisalimia. Tumwagile amekuambia. Mwambie nimejua, na mwambie sikasiriki sana. Aliyenishika mkekani alinishika vizuri, hakunivuta kama gunia, akangoja mpaka miguu ikakubali. Mama yako mwenyewe hana subira hiyo.

Nilianguka. Basi. Usiniulize habari za dungu, na usiniambie mtu wa umri wangu hapandi dungu. Ndege walikuwa hawaulizi umri wangu.

Umeuliza kama natania au nasema. Nilikuwa natania kwa sababu kusema kulinishinda. Ningeandika nini? Kwamba Sesilia, aliyebeba magunia na wanaume, anaogopa kiti cha gari? Donati angeimba habari hiyo mpaka Ulaya. Kwa hiyo nikasema siji, nikajua mtakasirika, na mtu aliyekasirika haulizi sana. Sikufikiri kwamba binti wa watu angelala akidhani simtaki. Hapo nilikosea, na sitaliandika mara mbili.

Sasa gari. Nimelifikiria usiku kucha nikiwa nimelalia upande mmoja, maana wa pili haulaliki. Nimesema lisikatwe kwa sababu ni la Beda. Lakini Beda alilinunua la nini? Hakulinunua likae zima. Alilinunua libebe watu waliokuwa hawawezi kutembea, na sasa mtu huyo ni dada yake, nami ndiye ninayelizuia. Angekuwepo angenitukana.

Leo alfajiri nimekwenda kaburini kwake, pale nyuma ya migomba, na unga na maji kwenye kibuyu. Nilikwenda polepole, na fimbo, usianze. Nimemwambia mtoto aliinua gari kwa ujinga, hakukusudia. Nimemwambia wanataka kulikata tumboni na kulifunga mikono mirefu. Nimemweleza yote ya ngazi iliyoegemea ukuta, vile ulivyonieleza wewe. Nimemwaga, nimengoja. Kumekuwa kimya kizuri. Nikarudi kunywa chai.

Kata. Kasian akate kwa mkono uliotulia, na siku hiyo asinywe.

Sesilia


Mikumi,
12 Agosti 2025

Shikamoo Bibi,

Imekatwa, imechomelewa, imepigwa rangi. Kasian hakunywa wala kucheka. Kabla ya kuwasha mashine alivua kofia, akasema, "Mzee Beda, samahani," ndipo akaanza. Sikumtuma.

Tumeijaribu kwenye korongo nyuma ya gereji. Gurudumu moja liliingia shimoni mpaka nusu, lingine likapanda juu ya jiwe, na kikombe cha maji nilichoweka kwenye kiti cha mbele kilimwagika kidogo tu. Nimeweka na godoro dogo kwenye kiti hicho. Usilikatae, ni la kila abiria.

Nakuja kukuchukua Alhamisi ya tarehe 28. Tutakwenda mwendo wako. Ukisema simama, nasimama. Ukisema rudi, narudi, na harusi tutakuja kuifungia huko Tindiga, padri nimeshamsemesha.

Ditram


Tindiga,
9 Septemba 2025

Kwako mke mwenzangu Tumwagile,

Salamu kutoka kwangu na kuku, ambao majirani waliwalaza njaa nilipokuwa kwenu. Nimerudi salama. Ditram aliponishusha alitaka kunibeba mpaka ndani, nikamwambia abebe mzigo wake, amesahau ana mke mdogo.

Sikupata nafasi ya kuzungumza nawe siku ile, watu walikuwa wengi. Mlangoni nilikuzuia na kudai ada yangu kwa sababu ndiyo kazi ya mke mkubwa, na ndugu zako wa Tukuyu wakaogopa kidogo, nikafurahi. Lakini ulipotoa ile kanga ukanifunga wewe mwenyewe kiunoni, taratibu, upande usiouma, nilishindwa kuendelea kudai. Watu walidhani nimeridhika na kanga. Kwaya inapiga kelele tu, nilijua. Mchele ulikuwa mzuri, ila hamkuupepeta.

Ditram atakuwa amekusimulia safari yetu, na atakuwa ameisimulia vibaya, kwa hiyo sikiliza kwangu. Tulipoanza nilishika lile bomba la mbele kwa mikono yote, nikakaza meno. Nalijua kila shimo la njia ile. Nikaliona la kwanza linakuja, pale kwenye mfereji, nikafumba macho kungoja pigo. Halikuja. Gari lilishuka upande kama mtu anayechuchumaa, likainuka. La pili hivyohivyo. Ditram akauliza, "Bibi, mbona kimya?" Nikamwambia angalia njia. Sikutaka aone uso wangu.

Tulipofika penye tuta lile la katikati, chuma kikasema krrr, gari likalala juu ya majani, magurudumu yanazunguka bure. Tumbo limekwama, kama nilivyoandika mwezi wa sita, barua anayo, muulize. Akachukua jembe, akaanza kuchimba, suruali ya watu wa mjini imejaa vumbi. Mimi nimekaa mbele, juu ya godoro, namwangalia. Nikamwambia, "Mikono mifupi isingekwama hapa."

Akasimama, akajifuta jasho, akasema, "Kweli, Bibi. Na wewe usingekuwa hapa."

Nikanyamaza. Ni mara chache, kwa hiyo nakuandikia ujue ilitokea.

Ndiyo maana nimepata wazo. Mdogo wangu Monica yuko Kidete, karibu na reli. Treni inapita mlangoni kwake, lakini kufika Kilosa kuipanda kulikuwa kumenishinda, na yeye macho hayaoni tena, hawezi kuja kwangu. Tangu kabla ya masika hatujaonana. Ameniletea salamu kwa watu, nami nimemjibu kwamba nina kazi nyingi, ule ukorofi wangu unaoujua.

Mwambie mume wetu Jumamosi hii asichukue wageni, anipeleke Kidete. Nawe uje, ukae nyuma, wewe bado una mgongo. Nimeshamwandikia Monica kwamba naja, na mjukuu wake anamsomea barua kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo msinitie aibu.

Mke mkubwa,
Sesilia